Rasta na Maji ya Kisima

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Babu yako hajambo, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Unauliza kama ukate rasta, maana sabuni ya kipande ya mafuta ya ubuyu imeziacha kavu na nyeupe, na Jumatatu unaanza kazi ya ukarani huko Dodoma. Mimi nami nilianza ukarani hapo hapo Dodoma nikiwa na rasta, mwoga hata wa kugonga mhuri. Nikaziosha kwa sabuni kama hiyo, nikaingia ofisini kichwa cheupe. Mhudumu wetu, Mama Ndahani wa Makutupora, akacheka.

"Karani, umelalia gunia la unga?"

Nikamwambia nakwenda kunyoa.

"Unyoe kwa kosa la maji? Maji ya mji huu yanatoka kisima chetu, yana chumvi, sabuni inagandia nywele."

Kesho yake akaniletea siki ya zabibu. Vijiko viwili kwenye kopo la maji, nikasuuzia. Rasta zikalainika, zikang'aa. Nilikuwa nimesoma kemia shuleni, lakini aliyejua maji yale ni yeye.

Nawe zisuuze kwa siki hivyo hivyo, na Jumatatu ingia nazo. Siki itakayobaki iweke mezani kwako ofisini. Atakuja karani mwingine mwenye kichwa cha unga.

Bibi yako,
Kondoa