Uji Ambao Mpishi Hakuuonja

Mjukuu wangu Nafula,

Natumaini u mzima huko Kitui kazini. Hapa Namboboto tupo. Babu yako anakohoa kidogo, ng'ombe amezaa. Umeniuliza kwa nini akina mama wa huko wanapokea unga wenu wa lishe kisha wanawapa kuku.

Miaka ya sabini nilikuwa msichana mwenye haya, nimetoka shule juzi, nikimtafsiria afisa wa lishe, mama aliyetumwa kutoka Busia asiyejua lugha yetu. Alipika uji wa unga wa mfuko, akatugawia sote, mwenyewe akabaki amesimama. Alidhani ni heshima. Kwetu mpishi huonja mbele ya mgeni, kwa hiyo hakuna aliyekunywa.

Dada yangu alikuwa na mtoto aliyevimba miguu, nywele zimegeuka nyekundu. Akamfunika huyo mtoto mdomo kwa leso. "Mwambie aonje yeye. Ama ametumwa kutumaliza?"

Nilitafsiri nikitazama chini. Yule mama akanywa kikombe kizima. Dada hakutosheka. "Huo mfuko umetoka wapi?"

"Basi wewe ungempikia nini?" yule mama akamuuliza. Hakuwa ametuuliza kabla.

Dada akaleta unga wa wimbi, akatwanga omena, vile visamaki vikavu vya ziwani, akapika. Akaonja, akampa mgeni, ndipo akamnywesha mtoto. Ndivyo alivyomlisha tangu siku hiyo, na mtoto huyo ndiye mjomba wako Wandera, anayetumalizia ugali kila Krismasi.

Mfuko tuliachiwa. Dada aliwamwagia kuku unga wake, akakaa mlangoni mpaka jioni kuwatazama kama watadhurika.

Nafikiri hata hao kuku wa Kitui wanaonjeshwa.

Nyanya yako