Kisu Kilichobaki Dukani kwa Salim

Dagane, ndugu yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sithubutu kuiuliza. Yangu ni hii: mwili mzima, kamba za pantoni hapa kivukoni bado naziweza, chakula kinashuka, lakini moyo umeniharibikia kabisa. Kesho Habiba anafika Garissa. Eda yake imekwisha, anakuja na mdogo wako kuuza ngamia, na ametanguliza ujumbe kwamba anataka kuniona anishukuru kwa urafiki niliokuwa nao na mumewe. Anishukuru! Mimi!

Ndiyo maana nimeketi na kalamu. Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai, na kesho ama nimwambie mkeo, ama ninyamaze nishukuriwe. Acha nilitoe kwako kwanza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza miaka yote, mimi mtu wa mtoni na wewe mtu wa ngamia, wewe ukikivunjavunja na mimi nikikucheka.

Siku ile dukani nilikudanganya.

Unaikumbuka. Ulikuwa umeshusha mizigo asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Kisu chako kirefu cha kiunoni kilikuwa kinakuletea maneno na askari kila ulipoingia mjini, ukachoka nao, ukasema sasa unataka cha kukunja, kikae kimya kwenye mkunjo wa shuka. Bila kisu huwezi kusafiri na ngamia. Kamba ikinasa ukate, mwiba ukizama wayoni mwa mnyama uutoe, na mnyama akianguka uwahi kumchinja kabla hajafa mwenyewe, la sivyo nyama yote ni haramu na watoto walale njaa. Hayo yote wewe ndiye uliyenifundisha. Kisha ukanishika mkono, kama mnavyoshikana nyinyi, ukanivuta mpaka kwa Salim, yule Mwarabu mwenye duka karibu na soko la mifugo. Ukasema, "Wewe umekaa keya, walaal, ndugu yangu. Chuma unajua. Macho yangu mimi ni ya ngamia tu."

Kweli nilikaa keya, jeshi la Mwingereza. Miaka yote ya vita nilibeba kisu cha kukunja cha jeshi, na nilikijua kisu kizuri hata gizani, kwa kukipapasa tu. Salim akatuwekea viwili mezani, vilivyokuwa vimebaki. Kimoja kilikuwa cheupe, mpini unang'aa, mabapa mawili, na kijiti cha kuzibulia chupa ambacho sijui mchunga ngamia angezibulia nini. Cha pili kilikuwa cheusi, mpini wa pembe, bapa moja nene, misumari mitatu ya shaba iliyokaza, na tundu la kupitishia kamba ili kisianguke. Kibaya cha sura. Ungedhani kimeokotwa.

Ukageuka kumsalimu mtu mlangoni, na salamu zenu unazijua, mpaka muulizane mvua na mbuzi wote. Nikapata nafasi. Keya tulikuwa tunapima hivi: unakifungua kisu, unashika mpini, unagonga mgongo wa bapa mezani, taratibu tu. Bapa likijikunja, rudisha. Kisha unaishika ncha unaitikisa pembeni. Bapa likicheza, rudisha. Kisha unakifunga usikie springi, itoe mlio mmoja mkavu. Cheupe kilijikunja mara ya kwanza tu nilipogonga. Salim aliona. Cheusi nikakigonga mara tatu, mara ya tatu kwa nguvu, na hakikutikisika hata chembe. Kikafunga kwa ule mlio. Dagane, tamaa ilinishika hapo hapo. Cha jeshi kilikuwa kimeniponyoka mtoni mwaka wa kwanza wa pantoni, na tangu hapo sikuwa nimeona kisu cha namna hiyo.

Uliporudi nikakuambia, "Chukua cheupe. Kina mabapa mawili, moja likiwa butu unalo la pili."

Ndivyo nilivyosema, kwa uso mkavu kabisa. Salim akanitazama, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu. Wewe hukukifungua hata mara moja. Ukasema, "Ukisema wewe, imekwisha." Ukakitia kwenye shuka. Jioni ile ile nikarudi peke yangu nikachukua cheusi.

Na kesho yake, kabla hujaondoka, ukaniletea chombo kizima cha maziwa ya ngamia, yale yenye harufu ya moshi ninayoyapenda, shukrani ya kukuchagulia. Niliyanywa yote. Nilijipangusa mdomo nikasema alhamdulillahi.

Sina roho nzuri, hilo nimelijua sasa. Wakati ule nilijitetea. Nikasema kisu ni kisu. Nikasema akija safari nyingine nitamwambia, tutabadilishana, atanitukana kidogo, yataisha. Ukaja. Unakumbuka ulivyokuwa unaogopa mto? Mtu anayelala porini na fisi, akikanyaga pantoni anafumba macho na kunishika bega, "Bole bole, Jilo, bole bole!" kwa ulimi wako usioiweza pole pole, mpaka wenzangu wote wakawa wananiita Bole Bole. Hukukubali kuvuka ila siku za zamu yangu. Basi safari ile kamba ya pembeni ilijisokota katikati ya maji, nikachomoa cheusi nikaikata, nikakirudisha haraka. Nilikuangalia. Macho umefumba. Nikashusha pumzi. Sikukuambia siku hiyo, wala safari iliyofuata.

Kisha akaja mdogo wako peke yake. Akanisimulia amesimama, hakutaka kukaa. Kwamba mlikuwa mnaelekea Hadado, ngamia akajinasa kwa ukanda wa mizigo akaanguka, ukaingia chini yake kuukata, na bapa likajikunja kwenye vidole vyako viwili. Kwamba ulicheka ukafunga kitambaa. Kwamba siku chache baadaye taya likaanza kukaza, shingo ikakaza, mgongo ukajipinda, na zahanati ilikuwa mbali. Pepopunda. Akanipa kisu cheupe, kimeoshwa, akasema, "Kaka ametaka kirudi kwako."

Nikakipokea. Nikasema Mungu amrehemu. Nikasema kila ajali na siku yake. Niliyasema, Dagane, na cheusi kilikuwa kiunoni mwangu.

Tangu hapo sijakaa sawa. Wenzangu wanadhani ni malaria. Pantoni imewekewa kamba mpya ya chuma, haijisokoti tena, na kila mtu anaifurahia ila mimi. Msafara wako anauongoza mdogo wako, naye anavuka macho wazi, hamshiki mtu bega. Mama wa chai pale kivukoni bado huuliza yule Msomali mwenye kicheko yuko wapi, na nimemwambia mara mbili, anasahau, sitaki kumwambia mara ya tatu. Cheupe nimekiweka juu ya sanduku. Nimekipima tena na tena, mgongo wa bapa juu ya ubao. Kinajikunja kila mara. Nilikuwa natumaini nini? Kwamba safari hii kitasimama, niseme basi, sikumuua.

Kesho sijui nitafanya nini. Nikisema, mdogo wako anaweza kunivunja mdomo, na ana haki. Nikinyamaza, Habiba atanishukuru, nami nitajibu karibu shemeji. Naacha hapa.

*

Naendelea. Ni siku ya pili, baada ya alasiri.

Nimekwenda. Wamefikia kwa jamaa zao pembeni mwa mji, kwenye kibanda cha mikeka. Mdogo wako alikaa kati yetu kama ilivyo desturi. Habiba amekonda, lakini sauti ni ile ile, ya kuamrisha. Akamimina chai, akaanza kunishukuru kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, na binti yako Ubah akaja akajibandika kwenye goti langu akaanza kuchezea kifungo cha shati. Ana paji lako la uso. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoka. Nikaweka visu viwili mkekani, nikasema, "Shemeji, kizuri nilijichukulia mimi. Kibovu nilimpa yeye, na nilijua ni kibovu. Nilikipima, nilijua."

Mdogo wako akaelewa kwanza. Akasimama, akaiacha chai yake, akatoka nje. Sikumfuata kwa macho.

Habiba akasema, "Jilo, hiyo mimi najua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Dagane aliona," akasema. "Kwa maji. Alifungua jicho kidogo, akaona kisu ile nyeusi kwa mkono yako. Alirudi nyumbani akacheka mpaka akalia. Akasema, huyu mtu ya mto, angalia, ameniibia kisu mbele ya macho yangu! Mimi nilikasirika. Nikamwambia rudi, badilisha. Akasema hapana. Jilo ana haya, atakuja kusema mwenyewe. Akisema, tutacheka pamoja."

Kwa hiyo ulijua. Safari zote zile za mwisho ulijua. Uliponishika bega ulijua, uliponiuliza kwenye chai, "Una neno, Jilo?" nami nikajibu sina, ulikuwa unanifungulia mlango. Mara ngapi uliuliza? Nakumbuka mara tatu. Huenda zilikuwa zaidi. Dagane, kwa nini hukunitukana tu? Ungenikamata shati ukasema mwizi wewe, lete kisu, ningekupa pale pale na ungekuwa hai. Nakukasirikia, unasikia? Nimefika mahali pa kumkasirikia maiti niliyemuua mwenyewe. Nisamehe hilo pia.

Nikamuuliza Habiba ulisema nini hasa, ulipotaka cheupe kirudi kwangu. Akasema hukusema kitu. Taya lilikuwa limefunga siku mbili. Ulikionyesha kisu kwa kidole, kisha ukanyoosha mkono upande wa huku, upande wa mto, ukarudia na kurudia mpaka mdogo wako akasema sawa, kaka, nimeelewa. Lakini alielewa nini? Sasa sijui kama ulikuwa unanirudishia kisu, au ulikuwa unaniita nije.

Nilimpa Habiba cheusi. Akakisukuma kwa ncha ya kidole mpaka kikarudi kwangu. "Hatukuja kuchukua kisu," akasema. "Mimi nimesamehe, kwa ajili ya Mungu, na kwa sababu yeye alikuwa amesamehe kabla yangu. Lakini huyu," akamgusa Ubah kichwani, "akikua atauliza baba alikufa namna gani. Ya Mungu nitamwambia mimi. Ile ingine, utasema wewe."

Nikasema ndiyo. Nilipotoka nje mdogo wako alikuwa anafunga ngamia, akanipa mgongo. Nilimsalimu. Akaendelea kukaza kamba. Nitamsalimu tena safari ijayo.

Basi, Dagane, hii ndiyo ahadi yangu, na naiandika ili nisipate pa kukimbilia. Kila msafara wenu ukifika nitakwenda kumwona Ubah, anijue uso, asije akaambiwa na mtu mgeni. Na akishakuwa na akili ya kuelewa, nitaketi mbele yake na kumwambia: baba yako aliniamini nimchagulie, nikachagua vibaya kwa makusudi. Sitasema ilikuwa ajali wala sitamlaumu Salim. Akitaka kunichukia, nitakuwa pale pale kivukoni, anajua pa kunipata.

Lala kwa amani, ndugu yangu, Mungu akupanulie kaburi. Wewe nilikungojesha mpaka taya likafunga. Yeye sitangoja mpaka aniulize.

Ni mimi,
Jilo wa pantoni