Inchi ya Kwanza

Buzuruga, Mwanza
17 Agosti 1995

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Mpe na Mama shikamoo yangu kabla hajauliza barua imetoka kwa nani. Nauliza hali yako, na hasa lile goti. Binamu Tereza aliporudi kutoka huko Muleba alisema sasa unafika kanisani bila fimbo, nikafurahi, ingawa aliongeza kwamba unakaa benchi la nyuma na Injili ikisomwa husimami. Nauliza pia kahawa kama imekauka vizuri. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mke wangu Rebeka anakusalimu. Shemeji Prudencia, mjane wa Kaka, naye anakusalimu. Amekonda, lakini siku hizi anakula.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu tulipoanua matanga ya Kaka. Barua hii nimeianza mara tatu. Siku hizi nachoka upesi, Baba. Nikiranda mbao mbili tu nakaa chini, na kazi yenyewe si nyingi. Tangu mambo yawe ruksa, meza na viti vinashushwa kwenye makontena vikiwa vimeshang'arishwa, na watu wanapita mbele ya karakana yetu wamevibeba kichwani. Mzee Kashindye, jirani yetu anayeshona viatu, huniambia nisijali, kwamba viti vile vikikaliwa na Msukuma mmoja aliyeshiba ugali vitarudi kwangu vikilia. Hunichekesha kidogo.

Kwenye karakana vitu vingi bado viko kama Kaka Deodatus alivyoviacha. Penseli yake fupi iko dirishani. Unakumbuka alivyokuwa akiisahau sikioni hadi kwenye komunyo, na Padri akamwambia apokee kwanza, apime baadaye. Juzi nilifungua kopo la misumari ya inchi mbili nikakuta senene waliokaangwa. Alikuwa akiwaficha humo Prudencia asiwamalize. Nililifunika nikalirudisha palepale.

Sasa niingie kwenye lililonifanya niandike. Siku ile ya kuanua matanga ulisema mbele ya wazee wa kigango kwamba Deodatus alikuwa mtoto mwema, ila ukaidi wake ndio ulioiua karakana; kwamba wewe ulimfundisha mita darasani kwa chaki yako mwenyewe, na yeye akang'ang'ania inchi za wakoloni hadi akaliaibisha jina. Ukaamua vyombo vyake nivirithi mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwangalifu, na kibao cha barabarani kifutwe jina lake kiandikwe langu. Watu waliitikia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye majani yaliyotandikiwa wafiwa, pale pembeni ya Prudencia, nikaitikia pamoja nao.

Kazi iliyosemwa ni ile ya Februari. Kampuni moja ya minofu ya sangara ilikuwa ikijenga nyumba za wafanyakazi upande wa Nyegezi. Fremu zililetwa za chuma, zikajengewa ukutani, na sisi tukapewa milango ishirini na minne. Mchoro wote ulikuwa wa sentimita: mia mbili kwa themanini. Tulipoipeleka na kuisimamisha, kila mlango ulikuwa mfupi kwa sentimita moja na nusu, na mwembamba kwa kiasi hichohicho. Mwanga ulipita pande zote. Msimamizi wao, Bwana Chenge, aliwaita vibarua wote waje watazame. Alisema pale hata mjusi mwenye mimba atapita bila kubisha hodi. Alisema Wahaya tumesoma vitabu vyote duniani, kumbe tepu imetushinda. Vibarua walicheka hadi wengine wakaweka ndoo chini. Kisha akaacha utani, akauliza fundi aliyepima ni nani. Kaka akasema ni yeye.

Tulirudisha milango yote. Baada ya hapo habari ilitembea, na wateja wakapungua. Mwezi wa tano Kaka akavuka ziwa kwa feri ya Kamanga kwenda kupasua mbao huko msituni upande wa Sengerema, kazi aliyoiacha akiwa kijana. Alilala kwenye turubai, mvua ikamnyeshea, akarudi na homa iliyoingia kifuani. Yaliyofuata unayajua, maana ulikuja hospitalini kuuchukua mwili wake.

Baba, aliyepima milango ile ni mimi.

Kaka alikiri mapema kwamba sentimita hazijamkaa mkononi. Alisema Venant amekaa darasani kwa Baba miaka mingi kuliko yeye, basi apime Venant. Aliniambia pia nikanunue tepu mpya, kwa sababu yetu ilikuwa imekatika kile kibati cha mwanzoni kinachonasa ukingo wa ubao. Nikamwambia namba zote zipo, ya nini kununua nyingine. Mafundi wengi tunazo tepu za namna hiyo. Unaanzia kwenye alama ya inchi ya kwanza, kisha unaongeza moja mbele: ukitaka thelathini, unakata kwenye thelathini na moja. Mkono unazoea hadi hufikirii tena. Lakini tepu ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Mimi nilianzia kwenye inchi ya kwanza kama siku zote, nikahamisha macho upande wa sentimita, nikaongeza moja. Inchi moja si sentimita moja, Baba. Ni mbili na nusu. Wewe ulitufundisha hilo darasa la nne. Nilichora alama hizo kwenye mbao zote nikipiga mluzi, na Kaka akakata na kuunga kwa kuniamini.

Pale Nyegezi, watu wakiwa bado wanacheka, aliichukua tepu mfukoni mwangu, akaivuta, akaitazama inchi ile ya kwanza, akaiachia. Alielewa papo hapo. Ndipo akamjibu Chenge. Njiani tukisukuma mkokoteni nilitaka kusema neno, akanizuia. Alisema jina lake limeshakauka, linaweza kunyeshewa. Langu bado ni ubao mbichi, likinyeshewa sasa litapinda. Nikaona kumtii mkubwa ni heshima. Ulikuwa woga. Barua yako ya kumkemea ilipokuja aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati, akaniomba nimpe randa. Prudencia aliikuta kwenye shati hilo wakati wa kumvua nguo hospitalini.

Prudencia nimemwambia Jumapili iliyopita. Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza tu kama Baba anajua.

Kwa hiyo vyombo siwezi kuvirithi. Nimemkabidhi Prudencia ufunguo, na nitafanya kazi chini yake akinikubali. Luhaga, mchoraji wa vibao, alikuja na rangi yake nikamrudisha. Nakuomba jambo moja, nalo ni zito kwa mtu wa umri wako: waite wazee walewale wa kigango, uwasomee barua hii. Usifiche jina langu. Kaka alihukumiwa mbele yao, na mimi siwezi kuwafikia wote mmoja mmoja. Ukitaka nije nisimame mwenyewe, niandikie nitavuka.

Najua unaweza kukasirika, na haki unayo. Sitakuomba uifupishe hasira yako. Barua hii anakuletea Tereza kwa mkono wake, nami nimemwambia asisubiri majibu.

Mama umweleze taratibu, akiwa ameshakula. Wasalimu majirani wote, na pale kaburini uyamwagie maji yale maua kama yangali hai.

Jioni mnaposali, mkifika pale pa kuwataja watoto kwa majina, nitaje na mimi.

Ni mimi mwanao,
Venant