Springi ya Kulia Inapanda

Jumamosi, Machi 1997. Joto tangu alfajiri, upepo hakuna, na mimi ni mkali kulishinda jua lenyewe.

Naandika na vidole vina grisi. Karatasi imeshachafuka, potelea mbali.

Kesho ndiyo mbio za magari za mwisho. Kile kiwanja cha lami ng'ambo ya Makupa, tunakopanga matairi makuukuu tukayafanya kona, wenyewe wanakitaka. Jumatatu yanaingia makontena. Nimekimbia pale miaka mitatu na sijamaliza hata mara moja ndani ya watano wa mwanzo. Kesho ikinipita, basi. Hakuna kiwanja kingine mji huu, na gari langu kuukuu la milango miwili litabaki la kwendea kazini na kuchekwa na majirani hapa Ganjoni.

Injini ni nzima. Tatizo ni kwenye kona, gari linayumba. Ndiyo nikanunua springi ngumu kwa Fundi Kasimu wa Buxton, zenye nati chini yake: ukiizungusha nati, gari huinuka au hushuka pembe ile. Kazi ni kuzifanya pembe nne zikae sawa dereva akiwa ndani. Lakini siwezi kukaa kwenye usukani na papo hapo nikapiga magoti nje na futi mkononi. Nikatumia akili. Nikachukua gunia la mchele jikoni, na kiroba cha unga juu yake, jumla yake uzito wangu, maana mimi si mtu wa mwili. Nikavikalisha kwenye kiti cha dereva na kuvifunga mkanda.

Mariamu, mke wangu, alisimama ngazini akanitazama nikipita na gunia. Ameshazoea, gari hili yeye huliita mke mwenza.

Jumatatu jioni pembe zote nne zilikuwa sawasawa. Nikalala usingizi wa mtoto.

Jumanne jioni nikapima tena: upande wa kulia, wa dereva, umepanda. Nikaushusha kwa nati. Jumatano umepanda tena, nikashusha. Alhamisi vivyo hivyo. Jana tulikuwa na wageni, shangazi zake Mariamu kutoka Mji wa Kale. Biriani ikapikwa, nikala sahani mbili, nikaisifu, kisha nikashuka uani nikakuta upande ule umepanda karibu unene wa kidole. Nikazungusha nati huku nikiitukana springi kimoyomoyo.

Nishaona springi ikilala. Springi inayopanda sijapata kuiona.

Leo asubuhi nikalitoa gunia ili nende nikalijaribu gari. Nilipolinyanyua nililiona jepesi. Nikadhani ni spana zimenipa misuli. Wallahi nilitembea uani kifua mbele.

Nikaenda njia ya Liwatoni. Kila kona ya kushoto gari lililalia kulia na tairi likasugua bodi mpaka nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Kutoka hapo moja kwa moja Buxton, nikamtolea Fundi Kasimu maneno mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia springi mbovu. Naye akanijibu kwa ukali: "Springi huchoka ikashuka, bwana. Haifufuki ikapanda!" Nikaondoka bila ya kuaga.

Nimerudi nyumbani, nikalirudisha gunia kitini, nikapanda kuoga. Nilipochungulia dirishani nikamwona Mariamu ameinama ndani ya gari (vioo vya milango nilishavitoa, gari liwe jepesi), sufuria mkono mmoja, kibaba mkono wa pili, anachota mchele.

Anamchota dereva.

Nilishuka ngazi na taulo kiunoni.

"Mariamu! Wafanyani?"

"Natwaa mchele. Wataka nipike mawe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe ulipolitwaa gunia, uliniambia?"

Wiki nzima dereva wangu amekuwa akikonda, na mimi nikishusha gari kumfuata. Unga nao ulikuwa umekwenda kwenye chapati. Na biriani ile ya jana niliyoisifu, kumbe najila mwenyewe.

Nilikaa kibarazani mpaka alasiri na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Nilikuwa nawaza nijaze gunia mchanga, nianze upya, nitamaliza lini. Mariamu akashuka na futi yake ya kushonea shingoni. "Kaa wewe," akasema. "Mimi nitapima."

Mdomo ulikwisha kufunguka kukataa. Gari hili haliguswi na mtu. Nimelisema neno hilo nyumba hii hata kuta zimelihifadhi. Lakini jua lilikuwa linakwenda. Nikakaa.

Kukaa kama gunia si kazi rahisi. Kila nilipochungulia nione anafanya nini, kipimo kilibadilika, naye akanigombeza: "Tulia! Mchele haukuwa ukigeukageuka." Jirani wa juu alicheka roshani mpaka akakohoa. Mariamu aliuliza mara moja tu nati huzungushwa vipi. Kabla ya magharibi pembe zilikuwa sawa. Nikatoka na gari, yeye akasimama kwenye kona ya mtaa kutazama tairi, nami nikaikata kushoto kwa kasi. Nilimsikia akipiga kelele nyuma yangu: "Halisugui! Halisugui!" Nilicheka peke yangu ndani ya gari.

Gunia limerudi jikoni. Kesho alfajiri nitapita Buxton kwanza, nimtake radhi Fundi Kasimu, na najua atanicheka mtaa mzima usikie.

Tulipokuwa tukila Mariamu aliuliza kama kesho anaweza kuja kutazama. Miaka mitatu hajakanyaga kiwanja kile. Nikamwuliza mbona siku zote hizo hakusema. Akanijibu kwamba hakuitwa.

Hilo ndilo linaloniudhi sasa, wala si springi. Jumatatu makontena. Nimepata mwenzangu wa kazi jioni ya mwisho kabisa, na miaka yote alikuwa pale pale ngazini, akinitazama nikipita.