Dakika Moja ya Marehemu Muema

Sella, leo nimejiaibisha kwa kinyozi hapa Kianda.

Si unajua zile ngoma za disco za kompyuta nilipata kwa flash ya zamani, za producer anaitwa Muema, yule tuliambiwa alikufa? Nikacheza moja niliyokuwa nimecopy kwa simu, watu wakaipenda sana. Nikawaambia wasimame dakika moja tumkumbuke marehemu.

Wakasimama wote. Hata jamaa alikuwa ananyolewa, povu kwa kidevu, ameinamisha kichwa kuliko sisi.

Dakika ikaisha. Akaniuliza polepole, "Mzee, mlinizika wapi?"

Ni Muema. Muema mwenyewe, Sella, mzima kabisa, anakaa Kawangware, stage ya 46.

Tukacheka, alafu akaniuliza hiyo ngoma nimeitoa wapi. Kompyuta yake iliibiwa na ngoma zote. Hiyo flash ndio imebaki.

Ile nilikupea asubuhi uweke nyimbo za kwaya.

Tafadhali usifute kitu.

Sella, naona uko online.

Sella?