Warusi wa Nyakoe

Nyakoe, Jumatano, 9 Machi 1955

Wiki nzima nimewadharau Warusi wa kitabu alichoniazima mwalimu wangu. Mkulima wao akifiwa na farasi huku kodi inamngoja, husema ndivyo ilivyoandikwa, kisha huenda kunywa senti yake ya mwisho.

Kumbe hao wako hapa nyumbani.

Leo nilimpelekea baba karatasi ya chuo cha ualimu aitie alama ya kidole. Mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Nilimkuta na wenzake wamezunguka chungu cha pombe, mirija mirefu mdomoni.

"Kama umeandikiwa ualimu, mwanangu, utaupata tu," akasema.

"Mvua ya mawe imemlia kahawa miaka miwili," jirani akadakia. "Huyu hatumaini tena kitu."

Wakacheka, na baba akacheka nao.

Kahawa naelewa. Lakini kidole hakipigwi na mvua, wala hakidai senti.

Nikaikunja karatasi bila alama, nikaondoka. Njiani mwalimu akaniuliza kama karatasi iko tayari. Nikatazama miguu yangu, nikajibu, "Mungu akipenda." Mrusi kamili.

Alfajiri nitakwenda kwa baba na chupa hii ya wino, kabla hajaushika mrija.