Bustani ya Kwenye Sinia

Kwa mdogo wangu mpenzi, Kibirika,

Pokea salamu zangu, uwagawie wa nyumbani kwako, ila najua utajibakizia nyingi, mchoyo wewe. Hujambo? Magoti je, yanakubali kupanda ngazi za ghorofa hilo? Mimi mzima, ukiacha meno, yaliyobaki hayasalimiani.

Barua yako nimeipata. Unaniuliza kwa ukali lile sinia la enameli la marehemu mama liko wapi, eti umelitengea nafasi kwenye kabati la vioo. Tulia. Lipo.

Unakumbuka lilivyochorwa? Manjano ya kiini cha yai, bustani yenye kijumba, miti ya duara, majani yamelingana kama askari. Ulikuwa unakula mbiombio ili ufike bustanini. Chakula kikiisha unaligonga kwa kijiko, unawaita wenyeji watoke. Nikakuambia wamehama kwa kelele zako. Ulilia mpaka mama akanitoa jikoni kwa mwiko.

Basi nimewarudisha. Nimejaza udongo humo siniani, nikapanda mimea midogo, naikata kwa mkasi wa kucha iwe duara kama ile ya kuchorwa. Kifuniko cha birika ndio paa la nyumba. Kikombe kilichobanduka rangi ni kisima. Uzio nimeukata kwenye kopo. Ufundi bati haujanitoka mikononi. Barazani wamekaa watu wawili wa waya: mmoja mrefu, mtanashati, mwingine mfupi, mdomo wazi. Sitaji mtu.

Jirani yangu mshona viatu alisema mzee mzima nacheza kitoto. Nikamwambia aondoe kivuli chake, mimea inataka jua. Siku hizi hanywi chai kabla hajaja kuuliza kama wale wawili wameamka.

Sasa kaa chini, Kibirika. Sinia nimelitoboa. Matundu, kwa msumari na nyundo, maana maji yasipopita mizizi inaoza. Enameli ilivyoruka, nilijikinga kichwa nikidhani mama yuko nyuma yangu. Kabatini haliingii tena. Linataka dirisha, na mtu wa kulimwagilia kijiko kwa kijiko. Wewe mikono inakutetemeka, utazamisha kijiji kizima.

Na lingine. Kila uliponiita nije kuishi kwako nilikujibu kwamba siwezi kuiacha karakana. Karakana nilishaifunga, sikukuambia. Siku hizi mimi ndiye ninayegonga sahani kwa kijiko nikimaliza kula, na hatoki mtu.

Kwa hiyo ukilitaka sinia, lichukue pamoja na mtunza bustani wake. Kama hutaki, nijibu upesi. Kama unataka, usihangaike kujibu, mzigo nimeshafunga.

Mwanao mwambie mjomba wake hakoromi, anasingiziwa tu. Dirisha liwe la upande wa asubuhi, na godoro lisiwe mbali nalo.

Ni mimi kaka yako, yule mrefu wa waya,

Kutu